Kibali cha Maji cha Jirani: Je, Ninaruhusiwa Kukiona?

Ukurasa wa maswali ya wasomaji. Anayejibu ni msoma geji mstaafu wa mito ya Kilimanjaro, mkazi wa Moshi.

SWALI: Shikamoo Meku. Mimi ni mama, ninalima mahindi na nyanya kwenye mfereji unaotoka Mto Weruweru, upande wa chini wa barabara kuu ya kwenda Arusha. Mfereji tuliachiwa na wazee, kikundi chetu kina kibali na ada tunalipa. Tangu shamba kubwa lililo juu yetu lifunge pampu mpya mtoni, zamu yangu ya Jumatano ikifika maji yanaishia katikati ya shamba. Msimamizi wao anasema wana kibali na hawana la kujadili na sisi. Nikaenda ofisi moja ya serikali kuuliza wameruhusiwa maji kiasi gani. Kijana wa mapokezi akaniambia hiyo ni siri ya mteja. Je, ni kweli ni siri? Na tufanye nini, maana nyanya haziwezi kusubiri? — Mama wa Jumatano, Moshi Vijijini

JIBU: Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na hiyo habari ya "siri ya mteja" imeniuma. Mto si wa shamba lile, si wa ofisi, na wala si wa kikundi chenu. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Na. 11 ya mwaka 2009 inasema maji yote nchini ni mali ya umma, na Rais ameyashika kama mdhamini kwa niaba ya wananchi. Mwenye kibali amepewa ruhusa ya kutumia, basi: kiasi kilichoandikwa, kutoka mahali palipoandikwa, kwa kazi iliyoandikwa. Mtu akigawiwa fungu katika mali ya wote, wenye mali wana haki ya kuuliza amegawiwa ngapi.

Kwanza hakikisha uligonga mlango unaohusika, maana watu wengi huzungushwa hapo. Mambo ya bili na maji ya bomba ni ya mamlaka ya maji ya mji, au RUWASA kwa vijijini, na msimamizi wa bei za mamlaka za miji ni EWURA. Cheti cha tathmini ya athari kwa mazingira ni mambo ya NEMC. Lakini ruhusa ya kuchota maji mtoni, kijito hadi mto mkubwa, hutolewa na bodi ya maji ya bonde. Nchi hii ina mabonde 9, na sisi tumo katika Bonde la Pangani, ambalo bodi yake ina makao makuu hapa hapa Moshi. Ofisi ya bonde hili ndiyo ya kwanza kufunguliwa nchini, mwaka 1991, na haikuwa bahati tu. Maji yanayokupita Jumatano yanakwenda kuungana na Mto Kikuletwa, yanaingia bwawa la Nyumba ya Mungu, yanazungusha mitambo ya umeme pale, kisha Hale, kisha Pangani, kabla hayajafika baharini. Njiani kuna wakulima wa mpunga, wavuvi, wafugaji na miji. Watu wote hao wanakaa kwenye mto mmoja, ndiyo maana ile namba iliyoandikwa kwenye kibali ni ya kila mtu.

Sasa namba yenyewe. Kwenye kibali kiasi huandikwa kwa lita kwa sekunde, na hapo ndipo wakulima wengi wanapoachwa nyuma, kwa sababu mtu akisikia "lita 10" anaona ni kidogo. Siku moja ina sekunde 86,400. Lita 10 kwa sekunde, pampu ikikesha, ni lita 864,000 kwa siku. Ukiuliza, usiulize kama wana kibali. Uliza lita ngapi kwa sekunde, saa ngapi kwa siku, miezi ipi, na mpaka tarehe gani.

Pia jueni kinachofika kwenu. Msingoje mtaalamu. Chagueni sehemu ya mfereji iliyonyooka, isiyo na majani, mpime umbali wa mita 10 kwa kamba, mfunge kijiti kila mwisho. Mmoja adondoshe chungwa juu kidogo ya kijiti cha kwanza, mwingine awe na saa ya simu. Chungwa ni zuri kwa kazi hii kwa sababu linazama karibu lote, upepo haulisukumi. Tuseme limetumia sekunde 25: mwendo wake ni mita 0.4 kwa sekunde. Mfereji ukiwa na upana wa nusu mita na kina cha sentimita 20, zidisheni vyote mpate mita za ujazo 0.04, yaani lita 40 kwa sekunde. Halafu punguzeni kama sehemu moja ya tano, kwa sababu maji ya juu hukimbia kuliko yale yanayosuguana na kuta na tope la chini. Mnabaki na lita 32 hivi. Rudieni mara kadhaa mchukue wastani. Andikeni kwenye daftari na tarehe na saa, na wawili watie sahihi.

Kuna kitu kingine nilichojifunza kwenye geji. Geji yenyewe ni bamba jeupe lenye namba nyeusi, limefungwa wima kwenye nguzo ya chuma ukingoni, na msomaji anaangalia tu maji yamegusa alama gani, anaandika kwa penseli, kwa sababu wino ukilowa unapotea. Kazi haina shani. Lakini ukiisoma asubuhi na jioni kwa kipindi kirefu, mto unakuonyesha mambo. Kiangazi maji hushuka taratibu, wiki hadi wiki. Ukiona yameshuka vidole viwili saa moja asubuhi, yakapanda tena saa kumi na mbili jioni, na kesho yake hivyo hivyo, na Jumapili hayakushuka kabisa, hapo kuna mtu juu anawasha na kuzima mashine. Si jua linalokausha maji, maana jua halipumziki Jumapili. Chukueni rula ndefu ya mbao, mchore sentimita kwa rangi, mfunge kwenye nguzo pale banioni, maji yanapoingia mferejini. Mwenye zamu asome asubuhi, mchana na jioni, aandike. Daftari la mwezi mmoja la namna hiyo ofisa wa bonde atalisoma kwa makini kuliko malalamiko ya mdomo ya kijiji kizima, kwa sababu anaweza kulilinganisha na vipimo vyake mwenyewe.

Baada ya hapo, barua. Tangu 2016 tunayo Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa, inayompa kila raia haki ya kuomba taarifa iliyo mikononi mwa chombo cha umma, na chombo hicho kinatakiwa kumjibu ndani ya siku 30. Kuna mambo sheria inayazuia, kama usalama wa taifa na siri halali za biashara. Kwa maoni yangu, idadi ya lita za mto wa umma haiwezi kuingia humo. Siri ya biashara ya shamba labda ni mbegu wanayotumia au wanamuuzia nani. Hawawezi kuufanya Weruweru kuwa siri yao. Andikeni kwa ufupi, kwa Mkurugenzi wa Bonde, hivi:

"Sisi ni watumia maji wa mfereji wetu, wenye kibali namba hii. Chini ya Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 tunaomba taarifa kuhusu kibali cha kutumia maji cha mtumiaji aliyeko juu ya banio letu, Mto Weruweru: kiasi alichoruhusiwa kwa sekunde, muda wa kuchota, matumizi, tarehe ya kutolewa na ya kuisha, masharti yaliyoambatanishwa, na lini alikaguliwa mara ya mwisho. Tunaambatanisha vipimo vyetu."

Pelekeni nakala mbili. Moja wabaki nayo, na nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, mrudi nayo nyumbani. Nakusihi sana usitoke pale bila muhuri huo, mwanangu, hata kama utaambiwa mwenye muhuri amekwenda kunywa chai. Msubiri. Siku 30 zinahesabika kuanzia pale, na bila muhuri hakuna anayejua ulifika. Mkinyimwa, ombeni mkuu wa taasisi apitie upya uamuzi huo, na juu yake kuna Waziri.

Kabla ya kupeleka, fungueni jalada lenu wenyewe. Kibali cha kikundi kimeandikwa jina lipi, mfereji upi, lita ngapi? Bado hakijaisha muda? Stakabadhi za ada zipo zote? Nimeona mifereji mingi ya milimani ambayo wazee waliichimba kwa mikono, ikiwa na kibali cha zamani chenye jina la mzee aliyekwisha kufariki, na watoto wake wanadhani kila kitu kiko sawa. Rekebisheni hilo mapema. Kama hamjajiunga na jumuiya ya watumia maji ya mto wenu, jiungeni, kwa sababu sheria inaitambua jumuiya kama chombo cha kugawa maji kati ya wanachama na kutatua migogoro kabla haijafika bodi, na shamba kubwa nalo linaweza kukaa kwenye kikao hicho kama mtumiaji mwingine yeyote.

Kuhusu nyanya zako za sasa hivi: maji yakipungua, bodi ina mamlaka ya kupunguza matumizi ya wenye vibali. Ombeni ukaguzi wa haraka wa pampu ile na ratiba ya zamu kati ya juu na chini. Mkumbuke pia utaratibu wa sheria: maji ya matumizi ya nyumbani ndiyo ya kwanza, yanafuata maji ya kuuacha mto ukiwa hai, kisha ndipo kilimo, chenu na chao, na viwanda. Kwa hiyo msiombe mpewe mto wote. Ombeni kila mmoja achote alichoandikiwa. Naamini ombi la namna hiyo ofisa mwaminifu hawezi kulipinga, na maofisa waaminifu wapo, nimefanya kazi nao.

SWALI: Mzee wetu, mimi ni kijana wa Arusha, nalima mchicha na sukumawiki kando ya Mto Themi. Kuna siku maji yanakuja na povu na harufu kali. Nani anaruhusu hivi? — Kijana wa Themi

JIBU: Kumwaga majitaka mtoni nako kunahitaji kibali, na kinatolewa na bodi hiyo hiyo ya bonde, kikiwa na viwango vya maji yanayoruhusiwa kutoka. Kama kiwanda au karakana imemwaga bila kibali au imevuka viwango, toa taarifa kwa bodi na kwa NEMC, wote wawili kwa maandishi. Povu halisubiri mkaguzi, kwa hiyo piga picha likiwa linapita, saa na mahali pajulikane, na utafute bomba linalotoa povu hilo kabla ya kumtaja mtu. Usimtaje kwa kukisia. Siku ya povu usimwagilie mboga, na uwaambie wenzako wa chini. Halafu na wewe angalia bustani yako ilipo: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto zinazoweza kuuharibu. Najua bustani nyingi za Themi zimo ndani ya mita hizo, na najua ndizo zinazolisha familia. Ni vizuri ulijue hilo mapema kabla hujaenda kushitaki, kwa sababu ndilo swali la kwanza utakaloulizwa.

SWALI: Nahitaji kibali kuchimba kisima nyumbani, upande wa Meru? — Baba Neema, Usa River

JIBU: Kisima kifupi cha kuchimba kwa mkono, kwa matumizi ya nyumbani kwenye ardhi yako, sheria inakuruhusu bila kibali. Kisima kirefu cha mashine kinahitaji kibali cha bodi, na mchimbaji mwenyewe lazima awe na leseni. Mwombe akuonyeshe kabla hujatoa malipo ya awali.

Ila kwa huko kwenu kuna jambo kubwa kuliko kibali. Maji ya chini ya ardhi kuzunguka Mlima Meru mara nyingi yana madini mengi ya floridi, na ndiyo yanayobadilisha meno ya watoto kuwa ya kahawia na kuharibu mifupa. Shirika la Afya Duniani linashauri yasizidi miligramu 1.5 kwa lita. Kuchemsha hakusaidii, kwa sababu maji hupungua kwa mvuke na floridi inabaki. Peleka sampuli maabara ya maji ukiwa bado hujanunua pampu wala tenki, na kama kipimo kimezidi, kisima hicho kiwe cha kufulia na kuoshea, na ya kunywa mtafute kwingine.