Re: Sufu ya kondoo wanne inatosha blanketi ngapi?

Salamu mkuu. Umesema una kondoo wanne wa sufu aina ya Corriedale huko Kinangop, una kilo 14 za sufu, na mfumaji amekurudishia gunia bila maelezo.

Kabla ya yote, chomoa kishungi kimoja cha sufu. Kikifika urefu wa kidole, kishike ncha zote mbili ukivute ghafla karibu na sikio. Kikikatika, uzi wake utakatika pia. Kisha tafuta vipande vifupi vya mnyoaji aliyepitisha mkasi mara mbili palepale. Gunia langu la kwanza lilikataliwa kwa sababu ya vipande hivyo, pamoja na kinyesi cha mkiani. Siku hizi natupa sufu ya tumbo na mkia bila huruma. Na kama kuna hata mmoja aliyechanganyika na Dorper (kondoo wa nyama), mweke kando, nywele zake hazisokoteki vizuri.

Ukiosha, tumia maji ya moto yenye sabuni, loweka tu. Usisugue, wala usihamishie kwenye maji baridi ghafla, itagandamana iwe kama zulia. Mafuta na uchafu vikitoka, uzito hushuka karibu nusu. Kwa hiyo kilo 14 zako ni kama 7, yaani, ukiondoa ya kutupa, blanketi mbili nzito za kilo mbili na nusu hadi tatu.

Mwambie mfumaji afume blanketi kubwa kuliko unavyotaka, maana likishakanyagwa kwenye maji ya sabuni ili liwe nene, linasinyaa. Langu lilibaki la mtoto!