Benki imesitisha mapitio yangu ya madeni. Ina haki?

SWALI: Shikamoo dada. Mimi ni Mtanzania, naishi Johannesburg, nabeba watoto wa shule kwa Avanza ya mkopo. Rejesho ni randi 4,800 kwa mwezi. Nilipokwama, katikati ya Januari nilienda kwa mshauri wa madeni, akanipangia 2,900, nami nimelipa kila mwezi bila kukosa. Mwishoni mwa Aprili benki imeleta barua kwamba mapitio yangu ya madeni, yaani huo utaratibu wa kupangiwa upya marejesho kupitia mshauri, yamesitishwa. Shemeji anasema nimetapeliwa. Ni halali kweli? Na wakija kuchukua gari?
Mama Avanza, Kempton Park

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Kabla ya safu hii nilikaa upande wa pili wa meza, nikiziandaa barua za namna hiyo, kwa hiyo naijua mpaka nukta.

Imetoka kwenye kifungu cha 86(10) cha sheria ya mikopo ya Afrika Kusini, namba 34 ya mwaka 2005. Mkopeshaji anaruhusiwa kusitisha mapitio ya mkopo wake ikiwa mteja yuko nyuma na zimepita siku 60 za kazi tangu aombe. Jumamosi, Jumapili na sikukuu hazihesabiwi. Hata hivyo, ukianza katikati ya Januari zinaisha ndani ya Aprili. Kwa hesabu ya siku, benki haijakosea.

Utasema, mbona nalipa? Ndiyo, unalipa. Ila hiyo 2,900 ni pendekezo la mshauri wako. Mpaka benki ikubali pendekezo hilo au hakimu atoe amri, mkataba unaokubana ni ule wa 4,800, na kila mwezi unapungukiwa 1,900. Kisheria bado uko nyuma. Washauri wanaomweleza mteja jambo hili siku ya kujaza fomu ni wa kutafuta kwa tochi, na linaniudhi sana.

Sasa swali lenyewe: mshauri wako amekwisha kufungua maombi mahakamani? Mwaka 2011, katika kesi ya Collett dhidi ya FirstRand, Mahakama ya Juu ya Rufaa ilisema mkopeshaji anaweza kusitisha hata kama shauri liko kwa hakimu. Bunge likabadilisha sheria, na tangu Machi 2015 maombi yakishafunguliwa mahakamani, hawezi tena. Basi mpigie mshauri leo, umwombe namba ya kesi na nakala yenye muhuri wa mahakama. Akikujibu “tunashughulikia”, usikate simu. Muhuri ukiwa umetangulia barua ya benki, barua hiyo haina nguvu, na mshauri awaandikie hivyo. Aangalie pia kama taarifa ilitumwa kwa wote watatu: wewe, yeye, na mdhibiti wa mikopo wa taifa, NCR.

Kama hajafungua kitu, hapo shemeji ana haki ya kununa. Lakini mlango haujafungwa. Benki ikikushtaki, kifungu cha 86(11) kinairuhusu mahakama kuamuru mapitio yaendelee kwa masharti itakayoona ya haki. Usiitupe hati ya wito kwenye droo. Ijibu ndani ya siku zilizoandikwa, na ubebe risiti zote za 2,900. Madeni yako mengine, kama yapo, yanabaki kwenye mapitio. Aliyejitoa ni huyu wa gari tu.

Kuhusu gari: hawalichukui bila amri ya mahakama, isipokuwa ukilikabidhi mwenyewe. Atakuja kijana mpole getini na karatasi ya “kurudisha kwa hiari”. Mkaribishe maji, usisaini.

Ukiipata amri ya mahakama, usikose hata rejesho moja. Mwaka 2013, kwenye kesi ya Ferris, Mahakama ya Katiba ilisema mteja akivunja mpango ulioamriwa, mkopeshaji anaweza kwenda moja kwa moja kudai kwa mujibu wa mkataba wa awali, bila kutoa taarifa nyingine. Kwa hiyo mwambie mshauri tarehe ambayo wazazi wa watoto hukulipa, na siku ya rejesho iwekwe baada ya hapo.