Je, "kama nilivyopokea" humwondolea mtu dhambi?

Swali: Assalaam alaikum Shekhe. Niko Langoni, Lamu. Kwenye grupu la WhatsApp la mtaa nilisambaza sauti inayodai kuwa mgombea mmoja ameshauza ardhi ya kijiji kwa wageni. Chini yake niliandika "kama nilivyopokea". Sasa yasemekana ni uongo, na majirani wa vyama viwili hawasalimiani. Je, nina dhambi? Nikiifuta yatosha?

Jibu: Waalaikum salaam warahmatullah. Maneno hayo hayakuokoi, mwanangu. Mtume, rehema na amani zimshukie, amesema katika hadithi aliyoipokea Imamu Muslim kuwa yamtosha mtu kuwa mwongo kusimulia kila alisikialo. Na Suratul Hujurat, aya ya 6, yatuamrisha kuchunguza habari iletwayo na fasiki, yaani mtu muovu asiyeaminika. Fasiki walau hujulikana. Sauti hiyo haina hata mwenyewe.

Kuchunguza hakukuwa kugumu. Ardhi ina daftari katika ofisi ya ardhi, na hupekuliwa. Hata kura: mwaka 2022 IEBC, tume ya uchaguzi ya Kenya, iliweka mtandaoni Fomu 34A, yaani fomu za matokeo ya urais za kila kituo, mwenye shaka na hesabu akawa na pa kutazama.

Lakini nikuulize: lau sauti ile ingemtaja mgombea wako, ungeituma upesi vile? Nadhani ungedai ushahidi kwanza. Ugonjwa uko hapo. Suratul Maida, aya ya 8, yatukataza chuki ya watu isitupeleke kuacha uadilifu, na hao unaowachukia mwasimama nao safu moja msikitini!

Sisemi viongozi wasikosolewe. Kiongozi akila fedha za basari za wanafunzi, mseme kwa alilolifanya, ushahidi mkononi. Kumzulia ni buhutani, yaani kumsingizia asilolifanya, hata awe mwanasiasa.

Kufuta hakutoshi, maana walioisikia wameshaibeba. Suratul Baqara, aya ya 160, yawataja waliotubu, wakatengeneza na wakabainisha. Basi kwanza lichunguze na hilo "yasemekana". Likithibiti, rekodi sauti yako, ujitaje jina, katika grupu lile lile, useme ulichosambaza ni uongo. Unapojua ilifika kwingine, peleka na huko. Mgombea mwenyewe muombe radhi, kwani hii ni haki ya mja, yaani haki ya mwanadamu mwenzio.

Ama majirani, usiwatumie ujumbe. Nenda kwa miguu. Muislamu si halali kwake kumhama nduguye zaidi ya siku 3. Ukiona haya kwenda peke yako, mchukue mzee wa mtaa anayesikizwa na pande zote mbili.

Wallahu aalam.