Timur, Mkwe wa Watu

Swali lenu la wiki hii, "Ni ndoa gani katika historia iliyomfaa mtu kuliko upanga wake?", limenikuta na jibu mkononi. Wengi najua watamtaja Kleopatra. Mimi nakwenda Samarkand, Asia ya Kati, kwa Amir Timur, mtawala na mpiganaji wa karne ya 14, yule mwenye mguu mbovu ambaye Wazungu humwita Tamerlane.

Timur alikuwa wa kabila la Barlas, Wamongolia kwa asili, ila kufikia karne ya 14 walikuwa wakisema Kituruki na wamekwisha kusilimu. Vita alivijua. Kilichompungukia ni nasaba. Chinggis Khan (Genghis), mwasisi wa dola la Wamongolia, alifariki mwaka 1227, na tangu hapo cheo cha khan, yaani mfalme, kilikuwa cha uzao wake kwa upande wa kiumeni tu. Uwe na wapanda farasi wangapi, kama baba yako hatoki humo utaishia kuitwa amiri, na askari wako mwenyewe wanalijua hilo.

Mwaka 1370 Timur akamzingira Amir Husayn mjini Balkh. Huyu hakuwa mtu baki. Timur alikuwa amemwoa dada yake, na mashemeji hao walipigana vita vingi upande mmoja kabla ya kugombana. Dada mtu akafa, na kilichowaunganisha kikaenda naye. Balkh ikaanguka, Husayn akauawa, wajane wake wakagawanywa. Mmoja wao, Saray Mulk Khanum, Timur akamchukua yeye: alikuwa binti wa Qazan Khan, damu ya Chinggis isiyo na shaka.

Basi kuanzia hapo akajiita "guregen", yaani mkwe kwa Kimongolia, na neno hilo akaliweka kwenye sarafu. Hebu fikirini: mtu aliyechinja watu wa Isfahan mwaka 1387 na kuivuruga Delhi mwaka 1398, pesa zake zinamtambulisha kuwa ni mkwe wa watu! Jina la khan kwenye sarafu hizo lilikuwa la Suyurghatmish, wa uzao wa Chinggis, ambaye Timur alimweka kitini bila kumwachia neno la kusema. Khan huyo alipokufa, akawekwa mwanawe.

Na Saray Mulk Khanum hakufichwa ndani. Mwaka 1404 mjumbe wa mfalme wa Castile (Hispania ya leo), Ruy González de Clavijo, alimwona akiingia karamuni: vazi la hariri nyekundu lenye nyuzi za dhahabu, wanawake kumi na watano wakilibeba pindo lake, uso umepakwa nyeupe, kichwani kilemba kirefu chenye vito na manyoya. Hivyo ndivyo unavyomtembeza mke aliyekupa jina.

Mchezo huohuo Timur aliwachezea wanawe. Mkubwa, Jahangir, alimwozesha Khanzada, mjukuu wa Uzbeg Khan, naye wa uzao wa Chinggis. Jahangir alipofariki, mjane akaolewa na mdogo wa marehemu, Miran Shah (sisi wa kanda ya ziwa hatuhitaji kuelezwa mila hiyo). Kwa mume wa kwanza alikuwa amemzaa Muhammad Sultan, na huyo ndiye babu alimteua kuwa mrithi, akiwaruka wanawe mwenyewe waliokuwa hai. Kwa wa pili akamzaa Khalil Sultan.

Hapo ndipo hesabu ilipomharibikia mzee. Muhammad Sultan akafa mwaka 1403. Mwaka 1405 Timur, akiwa Otrar njiani kwenda kuivamia China, aliugua, akamtaja mjukuu mwingine, Pir Muhammad, kisha akakata roho. Pir Muhammad alikuwa mbali. Khalil akawahi Samarkand, akafungua hazina, akagawa. Mama mmoja, basi, ndiye aliyezaa mrithi na mnyang'anyi. Miaka minne baadaye Pir Muhammad na Khalil wote wawili walikuwa wamekosa: mji ulikuwa wa Shah Rukh, mwana wa Timur aliyelelewa na Saray Mulk Khanum, ingawa hakumzaa.

Kaburi la Timur lipo Samarkand hadi leo, chini ya jiwe la kijani lililokolea hadi kukaribia weusi, aliloletewa na mjukuu wake Ulugh Beg. Maandishi yake yanapanda nasaba babu kwa babu hadi kwa Alan Goa, mwanamke aliyepata mimba kwa mwanga ulioingia mlangoni. Humo Timur na Chinggis wametoka tumbo moja, wala nasaba hiyo haihitaji ndoa.