Kemikali "ilizuia" ukuaji wa mwani kwa asilimia 50: ilizuia nini hasa?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Ninafanya kazi katika maabara ya maji hapa Mwanza. Tulipima athari ya salfeti ya shaba kwa mwani wa ziwani, na sasa nimeambiwa niandike muhtasari wa Kiswahili utakaosomwa na wavuvi wa mwaloni. Nimeandika hivi: "Kemikali hii ilizuia ukuaji wa mwani wa maji safi kwa asilimia 50." Mwenzangu anasema kitu kikishazuiwa kimezuiwa, hakuna kuzuia nusu. Mkuu wetu naye anasema mwani ni wa baharini, niandike "magugu maji". Nani yuko sahihi? Na je, ni "mwani huu" au "mwani hizi"?

JIBU: Marahaba. Mwenzako ameshika nusu ya hoja. Mkuu wako, kwa heshima zote, amekosea. Lakini tatizo kubwa la sentensi yako hakuna aliyeligusa: limejificha kwenye neno "ukuaji" na kwenye ile "kwa" inayotangulia asilimia.

Tuanze na kitenzi. Kiswahili cha siku hizi kimekizoesha kitenzi zuia kazi ya kukomesha kabisa. Chanjo inazuia surua. "Mvua ilituzuia kwenda mnadani" maana yake hatukwenda. Hakuna msikilizaji atakayedhani tulifika katikati ya njia tukarudi. Hapo mwenzako yuko sawa. Hata hivyo maana ya zuia ni pana kuliko hiyo. Ukuta wa bwawa unazuia maji na huku mengine yanapita mlangoni. Askari wanazuia umati na bado watu wanasogea. Kwa hiyo kuliita jaribio lenu "jaribio la kuzuia ukuaji" si kosa. Hilo ni jina la aina ya jaribio, na jina halidai kipimo. Kosa linaanza unapokipachika kitenzi hicho asilimia. Mvuvi akisoma "ilizuia kwa asilimia 50" atajiuliza: nusu ya mwani haikuota? Nusu ilikufa? Au wote uliota, ila kwa kujikokota?

Najua wapo watakaokushauri uandike "ilidumaza". Usikubali haraka. Kudumaa ni kubaki hivyo. Ndiyo maana watu wa afya wanalitumia kwa mtoto ambaye kimo chake hakitafidiwa tena. Mwani ukitolewa kwenye maji yenye kemikali na kurudishwa kwenye maji yasiyo nayo mara nyingi huanza kuongezeka upya, kwa hiyo "kudumaza" kunasema zaidi ya mlichokiona. Kuna pia kitenzi cha zamani ninachokipenda sana, kuvia, chenye mnyambuliko wake kuviza. Mmea uliovia ni ule ulioishia njiani, na yai viza unalijua. Ni neno tamu, lakini lina harufu ya kitu kilichoharibika, na maabara yenu haikuthibitisha kwamba seli ziliharibika. Na "kuchelewesha" je? Hilo ni jambo jingine kabisa: mwani uliochelewa kuanza kisha ukaenda kwa kasi yake ya kawaida si sawa na mwani ulioanza mapema ukaenda polepole.

Kitenzi salama ni kupunguza, tena kwa sharti kwamba useme ni nini kilichopunguzwa. Hapa ndipo penye kiini cha swali lako.

Majaribio ya aina hii duniani hufuata zaidi Mwongozo Na. 201 wa OECD (Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo), uliotolewa mwaka 1984 na kufanyiwa marekebisho makubwa mwaka 2006. Mwani unaotumika sana ni Raphidocelis subcapitata, kijimea cha seli moja chenye umbo la mwezi mwandamo. Ukoo wa maabara unaosambazwa hadi leo ulitolewa mto Nitelva, Norwei, mwaka 1959. Unauweka kwenye chupa zenye virutubisho, chini ya taa isiyozimwa, joto likiwa kati ya nyuzi 21 na 24 za Selsiasi. Chupa nyingine unazitia kemikali kwa viwango angalau vitano vinavyopanda, nyingine huzitii kitu. Baada ya saa 72 unalinganisha. Ili jaribio likubaliwe, mwani wa chupa zisizotiwa kemikali lazima uwe umefikia angalau mara 16 ya ule ulioanza nao.

Sasa chukua chupa moja ya mfano. Umeanza na seli 10,000 kwa mililita. Chupa isiyo na kemikali imefikia seli 160,000 baada ya siku tatu, yaani mwani umejizidisha maradufu mara nne: 20,000, 40,000, 80,000, 160,000. Katika chupa yenye kemikali, kasi ya kujizidisha imekuwa nusu. Kwa hiyo ndani ya siku hizo tatu umejizidisha maradufu mara mbili tu, ukafika 40,000.

Ukitazama kasi, imepungua kwa asilimia 50. Ukitazama wingi wa seli mwishoni, 40,000 dhidi ya 160,000, umepungua kwa asilimia 75. Ukitazama ongezeko, yaani seli zilizozaliwa ndani ya siku tatu, ni 30,000 dhidi ya 150,000, upungufu wa asilimia 80. Chupa ni ileile na siku ni zilezile, lakini asilimia ni tatu na zote ni za kweli.

Wanasayansi wenyewe waliliona tatizo hili, ndiyo maana mwongozo ule una alama mbili. ErC50 ni ukolezi, yaani kiasi cha kemikali ndani ya maji, unaopunguza kasi ya ukuaji kwa nusu. EyC50 ni ukolezi unaopunguza ongezeko kwa nusu. Hesabu ya pili hutoa namba ndogo zaidi, na kemikali ileile ikaonekana kali zaidi. Mwongozo unaiona kasi kuwa kipimo bora kisayansi, lakini zote mbili huandikwa. Herufi moja ndogo katikati ya alama inambeba mwanasayansi. Mvuvi hana herufi hiyo, ana sentensi yako tu, na wewe umemwandikia "ukuaji", neno linaloweza kuwa kasi, ongezeko au wingi. Mtu akikuambia ukuaji wa mtoto umepungua, utauliza: haongezeki uzito, au anaongezeka kidogo kuliko mwezi uliopita?

Kwa hiyo andika "kasi ya ukuaji" kama mlipima kasi, na "ongezeko la mwani" kama mlipima ongezeko. Nimeona watu wakiandika "mavuno" kwa hili la pili. Mimi silipendi, hakuna aliyevuna chupa ile.

Sasa ile "kwa". Gazeti gani halijaandika "bei imeshuka kwa asilimia 20" likikusudia imeshuka hadi asilimia 20? Kushuka kwa asilimia 20 ni kuondoka 20, zikabaki 80. Kushuka hadi asilimia 20 ni kuondoka 80, zikabaki 20. Bahati yako ni kwamba wewe umeandika 50, tarakimu pekee ambayo kwa na hadi zinakutana. Ukija kwenye viwango vingine vya jaribio lenu, bahati hiyo itakwisha. Chupa ya mfano wetu ina ongezeko lililopungua kwa asilimia 80. Ukiteleza ukaandika "hadi asilimia 80", umegeuza kemikali kali ikawa ya kuchezea. Mtego uleule uko kwenye "mara". "Uliongezeka mara 16" wengine watasoma kuwa nyongeza peke yake ni mara 16. Sema "ulifikia mara 16 ya ulivyoanza", hakuna atakayebishana nawe.

Jambo jingine linahusu zile chupa zisizotiwa kemikali. Wengi wanaandika "kundi dhibiti" au "sampuli dhibiti". Katika ripoti ya wataalamu kwa wataalamu sina ugomvi nalo. Lakini kwa wavuvi ni neno baya kuliko yote ungeweza kuchagua, kwa sababu kudhibiti ni kubana, kutoachia. Msomaji atadhani "mwani uliodhibitiwa" ndio uliotiwa dawa! Andika waziwazi "mwani usiotiwa kemikali". Ni maneno matatu, hayahitaji maelezo.

Basi sentensi yako iwe hivi: "Katika ukolezi huu, kasi ya ukuaji wa mwani ilipungua kwa asilimia 50 ikilinganishwa na ya mwani usiotiwa kemikali." Halafu iongezee nyingine yenye tarakimu zenu, kwa mtindo huu: "Baada ya siku tatu, mwani usiotiwa kemikali ulifikia mara 16 ya ulivyoanza, uliotiwa ulifikia mara 4." Mvuvi akisoma hiyo ya pili hatahitaji asilimia. Ninasema ukolezi, si "dozi", kwa kuwa dozi ni ya mgonjwa. Na kila aliyewahi kuonja mchuzi anajua chumvi iliyokolea ni ipi.

Usiache pia kusema kama mwani ulikufa au la. Hili si la mapambo. Mvuvi aliyechoshwa na maji ya kijani akidhani mmepata dawa ya kuua, swali lake la kwanza litakuwa amwage kiasi gani. Ni kweli salfeti hiyo ya shaba imetumika kuulia mwani kwenye mabwawa tangu wataalamu wa Wizara ya Kilimo ya Marekani walipoipendekeza mwaka 1904. Lakini sehemu ya kijani kile cha ziwani, hasa Ghuba ya Winam upande wa Kisumu, ni Microcystis, aina ya mwani wa kijani-buluu, na seli zake zikipasuliwa kwa mkupuo sumu iliyokuwa ndani yake inamwagika majini. Kati ya "ilipunguza kasi" na "iliua" kuna ndoo ya maji ya kunywa ya mtu.

Kuhusu shaba yenyewe, "salfeti ya shaba" ni sahihi. Ila Kiswahili kina jina lake la siku nyingi kwa mawe yale ya buluu: mrututu. Uliza wakulima wa kahawa walionyunyizia mimea dawa ya mrututu na chokaa. Mimi ningeandika yote mawili mara ya kwanza, kisha nikaendelea na mrututu.

Sasa mkuu wako. Gugu maji ni mmea mkubwa wenye majani mapana, mizizi inayoning'inia na maua ya zambarau. Unaelea, unaziba mialo, unang'oka kwa mkono. Mwani ule mnaopima hauonekani bila hadubini mpaka uwe mwingi kiasi cha kuyageuza maji rangi. Wavuvi wanavijua vyote viwili na hawavichanganyi: gugu maji ni gugu maji, na kile kingine watakuambia ni utando wa kijani, au maji yamekuwa kijani. Ukiwaandikia kwamba mrututu umepunguza kasi ya magugu maji, utakuwa umewadanganya kwa jambo wanaloliona kila asubuhi. Ni kweli kwamba neno mwani limezaliwa pwani, na mtu wa Paje au Jambiani, kule Zanzibar wanakolima mwani, akilisikia anawaza kamba, vigingi na maji yaliyokupwa. Lakini vitabu vya biolojia vya Kiswahili vimelipanua tangu zamani likachukua jamii yote, ya baharini na ya maziwani, na sioni sababu ya kulirudisha nyuma. Mara ya kwanza andika "mwani (ule utando wa kijani majini)", kisha endelea na mwani. Kuna aliyewahi kunipendekezea "vimwani" kwa ile midogo. Wazo si baya, ila umoja wake utakuwa kimwani, na Kimwani tayari ni lugha ya watu wa pwani ya Cabo Delgado, Msumbiji.

"Maji safi" yaondoe kabisa. Maji safi ni yale ya mamlaka za maji, yaliyotibiwa, ya bombani. Maji ya ziwa yaliyojaa mwani hayana chumvi, lakini safi si safi. Watu wa uvuvi wanasema "maji baridi", na "samaki wa maji baridi" ni neno lililokwisha kukomaa. Nakutahadharisha tu kwamba katika taarifa inayotaja nyuzi za joto, "mwani wa maji baridi uliowekwa kwenye nyuzi 23" utamchekesha msomaji. Mwandikie "mwani wa ziwani", maana hao ni watu wa ziwa. Na kama mliotumia ni ule wa Norwei ulioagizwa kwa majaribio, sema hivyo, usiuite wa kwenu.

La mwisho: ni "mwani huu umeongezeka". Neno hili ni la ngeli ya U kama uji na unga, halina wingi, hata seli zikiwa milioni. "Mwani hizi" nalisikia sana, pengine kwa sababu msemaji anawaza aina nyingi. Akitaka aina, azitaje: "aina hizi za mwani".