COD inaruka? Acha kwanza kuisingizia mashine

Juzi dada mmoja kaniandikia, anasema COD (kipimo cha oksijeni inayohitajika kuunguza uchafu wa maji kwa kemikali) za maji ya kiwandani kwao zinapanda ovyo, leo hivi kesho vile, na bosi keshaanza kuulizia bei ya mashine mpya. Nikacheka peke yangu, maana hadithi hiyo naijua mpaka mwisho.

Maabara niliyokuwa zamani tulipokea majitaka ya kusindika samaki, yana chumvi si mchezo. COD iko juu kupita kiasi, BOD (oksijeni wanayotumia vijidudu kula uchafu huo) iko chini, na kila mtu anasema kichemshio kimekufa. Mi nikasema jamani hizo ni kloridi, zile za kwenye chumvi. Nani akusikilize? Ukiwa mgeni kazini, tena binti, wanakuona umekuja kuosha vyombo tu.

Basi wenzangu wakaondoka nikabaki. Nikatengeneza standadi ya KHP, yaani maji ya kujaribia ambayo jibu lake unalijua tayari, miligramu 425 kwenye lita moja, ambayo inatakiwa ikupe COD ya 500, nikaichemsha nyuzi 150 saa mbili kama kawaida, ikatoka vizuri kabisa. Mashine nzima! Halafu nikayazimua yale maji mara kumi, nikapima, nikazidisha kwa kumi, jibu likaporomoka. Unajua kwa nini? Salfeti ya zebaki tunayoweka kwenye tyubu kazi yake ni kuzikamata kloridi, ila ina kikomo, kwa njia ya kawaida ni kama miligramu 2,000 kwa lita, chumvi ikizidi hapo zile kloridi zilizoponyoka zinakula daikrometi, ile kemikali ya kuunguza uchafu, kama vile nazo ni uchafu, na kila miligramu yake inakuongezea karibu 0.226 ya COD. Sa zikiponyoka 5,000 tu una zaidi ya 1,100 za uongo kwenye ripoti, na mteja analipishwa faini kwa chumvi.

Kwenye kikao bosi akasimama akaeleza yote hayo kama vile yeye ndo alikesha na bureti. Akapigiwa makofi. Nimesamehe, ila kusahau bado.

Kwa hiyo wadogo zangu, pima kloridi kabla hujagusa COD. Kila ukichemsha, weka blanki (tyubu yenye maji safi badala ya sampuli) na KHP pembeni, hata kama una haraka, hata kama bosi kasimama mgongoni. Tyubu ikigeuka kijani kibichi ujue daikrometi imeisha, usiisome, zimua urudie. Ferasi ya taitresheni, ile tunayodondosha kupima daikrometi iliyobaki, nayo inachoka, ipime nguvu yake upya kila siku, na ukikaribia mwisho punguza kasi maana tone moja tu linaitoa rangi kwenye bluu-kijani kwenda wekundu wa kahawia, likishapita limepita. Na kloridi pimeni, nasema tena, pimeni!

Halafu kuna jambo linaniuma kuliko lile la makofi. Mtu anapima majitaka siku nzima ili mto usichafuke, jioni anamimina tyubu zake kwenye sinki. Ndugu yangu, mle mna zebaki, mna kromiamu, mna madini ya fedha, na asidi ya salfuriki juu yake, we ni mchafuzi kuliko hicho kiwanda unachokiandikia ripoti! Na usiniambie eti ni kidogo. Tafuteni dumu linalohimili asidi, lenye kifuniko na lebo, likijaa waiteni wanaoshughulika na taka za sumu.