Barua ya Mchungaji na Mabenchi Manne

Mhariri,

Swali lenu la juma hili linauliza kama shule na ufadhili wa masomo unaotolewa na taasisi za dini unaweza kujenga maelewano kati ya Waislamu na Wakristo. Nililisoma nikiwa dukani kwangu Korogwe, nikaliweka jarida chini, kisha nikalichukua tena jioni, kwa sababu mimi ni Mwislamu niliyesomeshwa nusu na kanisa, na hiyo nusu ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Mniwie radhi nikilipindisha swali kidogo. Kwamba mtoto wa Kiislamu na wa Kikristo wakilala bweni moja watazoeana, hilo halihitaji mjadala. Watoto huzoeana hata kwenye foleni ya maji. Linalonisumbua ni kama anayepewa anaweza kubaki jirani wa anayempa, au anageuka kuwa mtu wa kushukuru tu kila wanapokutana njiani.

Historia yake kwetu si nyepesi. Shule za misheni zilifungamana na ubatizo, na wazazi wengi wa Kiislamu walizikwepa kwa hofu ya kurudishiwa mtoto mwenye jina jipya. Ndiyo maana shule ya serikali ya Wajerumani pale Tanga, iliyofunguliwa miaka ya 1890 bila kufundisha dini, ilipata wanafunzi wa Kiislamu huku wamisionari wakiinung'unikia. Sheria ya Elimu ya 1969 ilipozitia shule za misheni mikononi mwa serikali, wazee wetu walidhani hesabu imefungwa. Baadaye makanisa yakajenga nyingine, na mwaka 1992 serikali ikatiliana sahihi na CCT, yaani Jumuiya ya Kikristo Tanzania, na TEC, Baraza la Maaskofu Katoliki, ile hati ya makubaliano juu ya huduma za elimu na afya, ambayo Waislamu wengi huiona ni upendeleo kwa makanisa, na hadi leo ukiitaja barazani penye masheikh, chai hupoa vikombeni. Siamui hapa nani ana haki. Nasema tu kwamba anayesifu shule za dini bila kuigusa hati hiyo anazungumza na wa upande wake peke yao.

Sasa niseme langu. Nilimaliza darasa la saba mwaka 1992, sikuchaguliwa kwenda sekondari ya serikali, nikakaa nyumbani mwaka mzima nikimsaidia baba kupiga randa. Kwetu Usambara ukoo mmoja huwa na akina Yusufu wa msikitini na akina Yosefu wa kanisani, na msibani huulizana tu ni upande upi utakaozika. Lakini mwaka 1993 haukuwa mwaka wa kawaida. Siku za Pasaka mabucha ya nguruwe yalivunjwa Dar es Salaam, na kaseti za mihadhara ya kubishania dini zilikuwa zimefika hadi gulioni kwetu, kila upande ukicheka mwingine anapozidiwa hoja. Katika hali hiyo ndipo baba aliposikia kwamba sekondari moja ya kanisa inatoa ufadhili kwa watoto wasio na uwezo.

Fomu ilikuwa ya ukurasa mmoja. Chini kabisa palikuwa na mstari uliosema mchungaji anathibitisha kwamba mwombaji ni mshirika hai wa usharika wake, kisha nafasi ya sahihi na muhuri. Baba alivaa kofia yake ya Ijumaa ingawa ilikuwa Jumanne, tukapanda hadi nyumbani kwa mchungaji, na kabla hata hajakaribishwa kiti akasema, "Mchungaji, sikuja kwa habari ya mabenchi."

Inanibidi nieleze mabenchi. Baba ndiye aliyeyatengeneza mabenchi ya usharika ule, kumi na mawili, kwa mbao za Shume. Alilipwa manane. Manne yalikaliwa na waumini kwa miaka miwili bila kulipiwa, naye hakuwahi kudai, pengine kwa sababu alijua kikapu cha sadaka kilivyokuwa chepesi. Hakuna aliyekuwa ameyataja siku ile mpaka yeye mwenyewe alipoyakana, na nilimwona mchungaji akitazama sakafu.

Mchungaji aliisoma fomu mara mbili. Akasema hawezi kutia sahihi jambo lisilo kweli. Baba akajibu kwamba naye hakumleta mwanawe kuandikiwa uongo. "Andika kilichopo," akasema. "Fomu haina nafasi ya kilichopo, mzee wangu," akajibiwa. Wakanyamaza. Mama mchungaji akaleta chai ya maziwa na viazi vitamu. Baba akala, nami nikala kwa kumfuatisha, ingawa nilikuwa nimesikia kwenye kaseti moja mambo ya kutisha juu ya vyombo vya watu wale. Hatimaye mchungaji akaingia ndani, akarudi na rula, akayakata maneno ya mstari ule kwa mistari miwili iliyonyooka, na juu yake akaandika: "Ni mtoto wa fundi wetu, Mwislamu, namfahamu tangu azaliwe." Akagonga muhuri.

Neno "wetu" lilinikera njia nzima tukishuka. Baba hakulisema lolote.

Baada ya wiki tatu fomu ilirudi: fomu iliyokatwakatwa haipokelewi. Mchungaji akapanda basi mwenyewe kwenda ofisini kwao. Alichokisema huko hakukisimulia kwa mtu, lakini alirudi na nusu ya ada. Kuhusu nusu nyingine, baba alipeleka shida yake msikitini, kikao kikaamua kwamba fedha za zaka haziwezi kwenda kwenye shule ya kanisa. Mzee aliyepinga kwa sauti kuliko wote alituletea godoro la sufi kesho yake alfajiri, akasema ni la mwanawe aliyehamia Tanga na linawajazia nyumba tu. Kisha usharika ukalipa yale mabenchi manne. Mchungaji alitaka yaandikwe kuwa sehemu ya ufadhili, baba akakataa katakata, akadai stakabadhi iseme "malipo ya useremala". Kwa hiyo ada yangu ya mwaka wa kwanza ilikuwa nusu sadaka na nusu deni, na baba alihakikisha nazijua tofauti.

Shuleni kwenyewe nina machache ya kusema. Niliketi nyuma wakati wa ibada, hakuna aliyenilazimisha kuimba, na kwa miaka miwili sikupewa ruhusa ya swala ya Ijumaa. Nilipata marafiki. Elimu ilikuwa nzuri.

Nilipoanza barua hii nilikusudia kujibu hapana. Bado naamini kwamba mtoto hapaswi kupitia mlango wa dini ya mtu ili asome, na naona kufutwa kwa ada katika sekondari za serikali, kidato cha kwanza hadi cha nne, tangu 2016, kumepunguza manung'uniko mengi kuliko makongamano ya viongozi wa dini, kwa kuwa haki haimfanyi mtu ainamishe kichwa. Hata majengo ya TANESCO, shirika la umeme la serikali, pale Morogoro, yaliyotolewa wakati wa Rais Mkapa, ambaye alikuwa Mkatoliki, na leo ni Chuo Kikuu cha Waislamu, naona yalipokelewa bila aibu kwa sababu yalikuwa mali ya umma na si ya parokia yoyote.

Lakini kadiri ninavyoandika, naona siwezi kuikana ile baraza ya mchungaji. Kama ufadhili ule usingekuwapo, watu wawili wale wasingekuwa na sababu ya kukaa pamoja mwaka wa mabucha na kutafuta neno la kweli la kuandika. Kwa hiyo jibu langu ni ndiyo, ufadhili wa dini unaweza, mradi wahusika wawe tayari wanadaiana mambo mengine, na mradi mtoa fedha akubali fomu yake ikatwe kwa rula. Penye tajiri wa mbali na maskini asiyejulikana, sina hakika, na nadhani mara nyingi haiwezi.

Kuna jambo jingine ambalo ningelificha kama msingeuliza. Mimi ni mmoja wa wajumbe saba wa mfuko mdogo wa elimu wa msikiti wetu, tunaowanunulia watoto sare, madaftari na magodoro. Fomu yetu inataka barua ya imamu. Mwaka jana mama mmoja wa Kilutheri, anayeuza ndizi mkabala na duka langu na ambaye hunikopesha chenji karibu kila asubuhi, aliichukua, akaisoma akiwa amesimama, akairudisha mezani bila kusema neno. Nimependekeza mara mbili mstari ule uondolewe, na mara zote mbili nimeshindwa kwa kura. Fomu za mwakani zinapelekwa kwa mchapaji mwezi ujao, na mstari bado umo.

Msomaji wenu,
Korogwe